Mdai wa Haki na Mdai wa Hila

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya deni, wala si habari ya kukopa tu, bali habari ya wale wanaokuja kudai. Maana siku hizi nyumba nyingi hazisumbuliwi na deni lenyewe kama zinavyosumbuliwa na namna linavyodaiwa. Simu hulia usiku, watoto huamka, baba hutoka nje kwenda kuipokea gizani, na mama hukaa akijiuliza ni habari gani asizoambiwa. Tena wako wengine wanaodaiwa wasichokikopa kamwe, nao hulipa kwa kuogopa.

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, nao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo mawili ni kweli, wala lolote nitakaloandika hapa halitayatangua. Aliyekopa na alipe. Lakini liko neno la tatu linalopasa kuwekwa kando ya hayo: mwenye kudai naye ana mipaka yake. Yeye anadai fedha. Hadai heshima ya mtu, wala usingizi wa nyumba yake, wala kitanda cha watoto wake. Na kabla ya yote sharti aonyeshe ya kuwa deni lipo, na ya kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kulidai.

Deni la zamani na deni la simu

Zamani mtu alikopa dukani au kwa ndugu yake. Mwenye duka alimjua, akamwandika katika daftari, na siku ya kulipa ilipopita alimwendea nyumbani, au akampeleka mbele ya wazee. Aibu ilikuwapo, lakini ilikuwa na kiasi chake, kwa sababu wote wawili walijua ya kuwa kesho wataonana tena kisimani na sokoni.

Mwaka 2007 watu wa Kenya walianza kutumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa, na mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ambayo kwayo mtu aliweza kuweka akiba na kukopa kwa simu hiyo hiyo. Baadaye zikatokea programu nyingi za mikopo, huko Kenya, kisha Tanzania na kwingineko. Sisemi ya kuwa jambo hili ni baya lote. Mama auzaye mboga aweza kupata mtaji alfajiri kabla soko halijafunguliwa, na mgonjwa aweza kupata nauli ya kwenda hospitali. Lakini yafaa tuitazame hesabu yake kwa macho mawili.

Tuseme mtu amekopa shilingi 10,000 kwa siku 14, na mkopeshaji akakata ada yake ya shilingi 1,500 kwanza. Mkopaji hupokea 8,500, naye atarudisha 10,000. Aweza kudhani ya kuwa amelipa 15 kwa mia. Kumbe kwa fedha alizozishika mkononi amelipa karibu 18 kwa mia, tena kwa majuma mawili tu. Akishindwa kulipa, akawa analipa ile 1,500 kila majuma mawili ili apewe muda, mwaka ukiisha atakuwa ametoa shilingi 39,000, na lile deni la 10,000 lipo pale pale kama lilivyokuwa. Hivyo ndivyo deni dogo lizeekavyo bila kufa.

Liko na jambo jingine baya kuliko ada. Mtu awekapo programu ya namna hiyo katika simu yake, huenda akaombwa ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba alizozihifadhi. Kwa haraka ya shida yake hubonyeza, akakubali bila kusoma. Hapo ametoa mkononi kitu kisicho chake peke yake. Ametoa namba ya mama yake, ya mkwewe, ya mkuu wa shule, ya mchungaji, na ya wazazi wa wanafunzi wake.

Huko Tanzania iko na mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mara nyingi hutolewa bila leseni, hudaiwa kila siku au kila juma, na asiyelipa huchukuliwa vyombo vya nyumbani. Wengine humtaka mtumishi awape kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na siku ya mshahara wao ndio wanaotangulia kuutoa. Walimu wenzangu mnajua ninayoyasema.

Silaha ya aibu

Mdai wa hila hategemei mahakama, maana mahakama huuliza maswali, na yeye hapendi kuulizwa. Yeye hutegemea aibu. Humpigia mkuu wa kazi na kumwambia, "Mtu wako ni mwizi." Huwatumia ndugu na marafiki ujumbe wenye jina la mdaiwa, au hueneza picha yake katika makundi ya simu. Hutukana. Husema, "Askari wako njiani, una saa moja tu."

Kwa nini silaha hii inaua? Kwa sababu mdaiwa amelificha deni lake. Mke hajui, au mume hajui. Basi mtu huyo, ili siri isifunuliwe, hukimbilia mkopeshaji wa pili amlipe wa kwanza, kisha wa tatu amlipe wa pili. Huuza mbuzi, huuza cherehani, hula ada ya mtoto. Mwisho wake wengine wameacha kazi, wengine wamekimbia nyumba zao, na wako waliokata tamaa ya maisha. Si fedha iliyowafikisha huko, bali hofu ya kuonekana.

Sheria zasemaje

Yapasa kila nyumba ijue ya kuwa matendo hayo hayakubaliwi na sheria. Huko Kenya, sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa Desemba 2021 ili wakopeshaji wa kidijitali wawe chini ya mamlaka yake, na Machi 2022 zikatolewa kanuni zao. Kanuni hizo zilimkataza mkopeshaji kutumia vitisho au nguvu, kutumia lugha chafu, kutangaza habari za mdaiwa ili kumwaibisha, na kuwapigia simu au kuwatumia ujumbe watu walio katika orodha ya simu yake bila idhini. Septemba 2022 Benki Kuu ilitoa leseni kwa wakopeshaji 10 wa kwanza, na wengine waliongezwa baadaye.

Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Basi asiwepo atakayesema ya kuwa malalamiko ya mtu mdogo hayafiki popote.

Tanzania nayo ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka mkopeshaji awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kadhalika iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake ambayo mwananchi aweza kuipelekea malalamiko.

Je, mdaiwa hufungwa?

Hili ndilo swali linalowatetemesha wengi, basi na tulijibu kwa utaratibu. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara yake ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza alichoahidi katika mapatano. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1972, na Tanzania mwaka 1976. Askari si mkusanya madeni, na mtu asemaye kwa simu ya kuwa amewatuma askari kwa ajili ya mkopo, anatisha tu.

Hata hivyo msije mkanielewa vibaya. Aliyekopa kwa jina la mtu mwingine, au kwa karatasi za kughushi, ametenda hila, na hilo ni shauri jingine. Tena karatasi ya kweli ya mahakama isidharauliwe hata siku moja. Mwenye mali akikataa kulipa kwa ukaidi baada ya hukumu, mahakama yaweza hata kumfunga kifungo cha madai; lakini hiyo ni amri ya hakimu, baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza, wala si neno la mtu asiyeonekana uso. Kwa hiyo ukipata wito, nenda siku iliyoandikwa. Asiyekwenda huhukumiwa bila kusikilizwa.

Na habari ya vyombo? Mtu hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako na kubeba vitu kwa sababu tu anakudai. Anayekamata mali kwa hukumu ni dalali wa mahakama, naye huja na hati. Huko Kenya dalali sharti awe na leseni, aandike orodha ya vitu pamoja na thamani yake, na kwa kawaida ampe mwenyewe siku 7 za kukomboa mali yake kabla haijauzwa. Tena sheria za Kenya na za Tanzania zimetenga vitu visivyokamatwa kwa hukumu ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, na vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, pamoja na zana za fundi za kazi yake. Mwenye kubeba sufuria na godoro la mtoto juu ya pikipiki, bila hati, hakusanyi deni. Ananyang'anya, na yafaa polisi waitwe.

Wadai wa uongo

Sasa tuje kwa wale ambao hawakukukopesha chochote. Hawa ni matapeli tu, nao wana njia zao.

Mmoja hupiga simu, akataja jina lako kamili, na akasema ya kuwa ulikopa miaka mitatu iliyopita. Kujua jina lako si ushahidi. Jina lako limeandikwa mahali pengi. Wa pili husema ametumwa na benki, na fedha zitumwe kwa namba yake yeye mwenyewe. Wa tatu huomba namba ya siri, au tarakimu zilizoingia katika simu yako sasa hivi, eti apate kulifuta deni. Huyo hafuti deni. Anafungua mlango wa mfuko wako. Wa nne huahidi mkopo mkubwa, lakini anataka ada ya kwanza ya kuuandikisha, na ukiisha kumpa humwoni tena.

Wa tano ndiye mbaya kuliko wote, maana huja matangani. Huwakuta yatima na mjane wakiwa bado na machozi, naye husema, "Marehemu alikuwa na deni langu, na mtoto hurithi deni la baba." Jueni basi ya kuwa deni la kweli la marehemu hulipwa kwa mali aliyoiacha, kupitia msimamizi wa mirathi, kabla ya warithi kugawana. Mtoto hadaiwi kutoka mfuko wake mwenyewe, ila ikiwa alitia sahihi kuwa mdhamini au alikopa pamoja naye. Mwambieni mdai wa namna hiyo alete maandishi kwa msimamizi. Mwenye haki ataleta, mwongo hatarudi.

Mambo ya kufanya

Kwanza, usilipe siku ile ile kwa kuogopa. Mdai wa haki anaweza kungoja siku moja uhakikishe. Anayesema "sasa hivi au hutaniona tena kwa wema" ana sababu ya kukuharakisha.

Pili, uliza maswali matano, uandike majibu yake: Jina lako nani? Umetumwa na nani? Deni hili ni la mkopo gani, wa tarehe gani? Mkopo wenyewe ni kiasi gani, na riba na ada ni kiasi gani? Waweza kuniletea haya kwa maandishi? Kisha usimpigie kwa namba aliyokupa yeye; mtafute mkopeshaji mwenyewe kwa namba iliyo katika mkataba wako au ofisini kwake.

Tatu, tazama kama mkopeshaji ana leseni. Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania hutangaza orodha za waliopewa leseni. Asiyeweza kusoma orodha hiyo amwombe mwalimu. Walimu, kazi hii na iwe yetu. Lakini tusiseme ya kuwa mkopo usio na leseni ni sadaka. Fedha iliyopokewa kweli ilipokewa, na shauri lake na lizungumzwe kwa haki, mbele ya mashahidi.

Nne, weka ushahidi. Usifute ujumbe wa matusi kwa hasira, utunze. Andika siku, saa na namba iliyopiga. Hifadhi ujumbe wa kila malipo uliyoyafanya, na umalizapo deni omba barua ya kuthibitisha ya kuwa limekwisha. Wengi wamedaiwa mara mbili kwa kukosa karatasi moja.

Tano, kama deni ni la kweli na huna uwezo, usijifiche. Mwandikie mkopeshaji useme utaweza kulipa kiasi gani kila mwezi, na uwe mkweli katika hesabu yako. Ukiahidi 2,000 ukazileta, ni bora kuliko kuahidi 10,000 ukazima simu.

Sita, peleka malalamiko. Huko Kenya waweza kuiandikia Benki Kuu na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na mtumiaji wa Safaricom aweza kuupeleka ujumbe wa utapeli kwa namba 333. Huko Tanzania iko Benki Kuu, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ujumbe wa utapeli hupelekwa kwa namba 15040. Kitisho cha kupigwa au kuuawa ni cha kupelekwa polisi siku hiyo hiyo.

Saba, jueni tofauti ya mdhamini na mtu aliyetajwa tu. Mdhamini ametia sahihi yake, naye aweza kudaiwa mwenzake akishindwa. Kwa hiyo mtu asitie sahihi asichokisoma, hata akiombwa na ndugu wa tumbo moja. Lakini aliyeandikwa namba yake tu katika simu ya mkopaji hadaiwi chochote. Akipigiwa na ajibu kwa upole, "Mimi si mdhamini. Usinipigie tena," kisha aiandike namba hiyo.

Neno kwa mume na mke, na kwa majirani

Nimesema ya kuwa aibu inaua kwa sababu deni limefichwa. Basi dawa yake ya kwanza iko nyumbani, tena haina gharama. Mume na amwambie mkewe, na mke amwambie mumewe, deni ni kiasi gani, la nani, na la lini. Najua ni neno gumu. Patakuwa na maneno usiku huo, na pengine machozi. Lakini asubuhi yake mdai wa hila atakapopiga simu na kusema, "Nitamwambia mkeo," ataambiwa, "Mke wangu anajua, ngoja nimpe simu mzungumze." Tangu hapo kitisho chake kikubwa kimekwisha, na mliobaki ni watu wawili mnaopiga hesabu moja.

Dawa ya pili iko kwetu sisi majirani. Mdai wa hila anapotuma jina na picha ya mtu kwa watu hamsini, yeye peke yake hana nguvu. Nguvu anapewa na wale hamsini, wanaposoma, wakacheka, wakawapelekea wengine. Kama wale hamsini wakinyamaza, ujumbe wake umeanguka kisimani. Kwa hiyo, ndugu zangu, ujumbe wa namna hiyo ukiingia katika simu yako, usiupeleke mbele, wala usimsimulie mtu sokoni. Mwendee mwenye jina kwa siri, umwambie, "Nimeletewa neno hili, nami nimelihifadhi liwe ushahidi wako. Je, umekula? Tukae tuone la kufanya."

Wakuu wa shule na wazee wa kanisa, nanyi mtaletewa ujumbe kama huo kuhusu mwalimu au mshiriki wenu. Msimhukumu mtu kwa neno la mdai msiyemjua. Mwiteni faraghani, msikilize habari yake, mwonyesheni mahali pa kulalamika, na kama deni ni la kweli msaidieni kupanga namna ya kulilipa. Hivyo mdai wa haki atapata fedha zake, na mdai wa hila atakosa mahali pa kusimama.